Pete tatu katika wosia wa Shakespeare

Katika wosia wa William Shakespeare kuna kitanda kinachojulikana dunia nzima. Machi 1616, mwezi mmoja kabla ya kufa, mzee huyo aliupitia wosia wake, na katikati ya mistari pakachomekwa maneno machache: mke wangu apewe kitanda changu cha pili kwa ubora. Watu wamekibishania kitanda hicho miaka nenda miaka rudi. Wengine wanasema ni tusi kwa mke. Wengine wanasema kitanda bora kilikuwa cha wageni, na hicho cha pili ndicho walichokuwa wakilalia wenyewe. Mimi kitanda nakiacha palepale. Katika wosia huohuo yamechomekwa maneno mengine ambayo hayajapata umaarufu, na hayo ndiyo yanayonivutia: “wenzangu” John Heminges, Richard Burbage na Henry Condell wapewe shilingi 26 na peni 8 kila mmoja, wanunue pete.

Hao watatu walikuwa waigizaji wa London. Kuachiana pete za ukumbusho ilikuwa desturi ya watu walioshibana. Burbage alifariki 1619. Wawili waliobaki walikusanya tamthilia za mwenzao, na 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye tamthilia 36. Kama si wao, nusu ya kazi hizo leo tungekuwa tunazisikia kwa majina tu, au hata majina tusingeyajua.

Mengi yanayowatatiza watu kuhusu Shakespeare yanatokana na kumtafuta mahali asipokuwa. Tunamtafuta mwandishi wa aina tunayoijua: amejifungia chumbani, ana rafu ya vitabu, anatoa kazi iliyokamilika yenye jina lake juu, kisha anahojiwa. Tukimkosa, tunaanza kuuliza kama alikuwepo kweli. Wakati huo mwenyewe yuko nyuma ya pazia na wenzake, anahesabu viingilio.

Mtoto wa fundi glavu

Alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 huko Stratford-upon-Avon, mji mdogo wa soko katikati ya Uingereza. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa. Hiyo 23 Aprili inayoadhimishwa kila mwaka imekadiriwa kutokana na ubatizo, na imependwa kwa sababu ndiyo tarehe aliyofariki na pia ni sikukuu ya Mtakatifu George. Kiangazi cha mwaka huohuo tauni iliingia mjini ikafagia watu. Kichanga hicho kikapona.

Baba yake, John, alikuwa fundi wa kushona glavu za ngozi, na pembeni akifanya biashara ya sufu. Alipanda ngazi za baraza la mji hadi 1568 akawa mkuu wake, kisha mambo yakamwendea mrama akaingia kwenye madeni. Mama yake, Mary Arden, alitoka katika ukoo wenye mashamba. Daftari la majina ya wanafunzi wa shule ya Stratford halikubaki, lakini mtoto wa diwani alikuwa na haki ya kusoma pale bila ada, na tamthilia zake zimejaa yaleyale yaliyokuwa yakifundishwa katika shule za namna hiyo: Kilatini asubuhi hadi jioni, mshairi wa Kirumi Ovid wa kukariri, vichekesho vya Warumi Plautus na Terence. Zoezi moja la shule hizo lilikuwa kumwandikia mtu hotuba. Jitie katika nafsi ya malkia aliyefiwa, useme kama yeye. Ukimaliza, tetea upande wa pili. Mtoto aliyefanyishwa hivyo miaka kadhaa anahitaji nini tena ili aandike tamthilia, zaidi ya jukwaa?

Akiwa na miaka 18 alimwoa Anne Hathaway, mwenye miaka 26 na mjamzito tayari. Susanna alizaliwa 1583, na mapacha Hamnet na Judith wakabatizwa Februari 1585. Baada ya hapo nyaraka zinakuwa kimya kwa miaka saba, na kimya hicho kimezaa hadithi nyingi: aliiba paa wa tajiri, alikuwa mwalimu, alishika farasi za watazamaji mlangoni. Chagua unayoipenda, hakuna itakayokupa ushahidi.

Kimya kinavunjwa na matusi. Mwaka 1592, katika kijitabu kilichotoka kwa jina la Robert Greene, mwandishi msomi wa chuo kikuu aliyekuwa ametoka kufa katika ufukara, wasomi wenzake wanaonywa juu ya “kunguru aliyejitokeza juzi, aliyejipamba kwa manyoya yetu”, anayejiona ndiye pekee wa kutikisa jukwaa, “Shake-scene”, nchi nzima. Jina lake limechezewa kidogo ili kila mtu ajue anayesemwa. Yafaa kuangalia kilichomuudhi huyo mwandishi. Hakuna mahali anaposema kijana huyu anaandikiwa na mtu mwingine. Kinachomkera ni mwigizaji kuthubutu kuandika.

Mbao zilizovuka mto

Tauni ilifunga kumbi za maigizo London kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594. Shakespeare akageukia mashairi marefu mawili, “Venus and Adonis” na “The Rape of Lucrece”, akayatabarukia kwa mheshimiwa Henry Wriothesley, naye Richard Field, mchapaji mzaliwa wa Stratford vilevile, akayachapa kwa uangalifu mkubwa. Jambo hili tulishike. Alipotaka kazi yake ichapwe vizuri, njia aliijua na mtu wa kumchapia alikuwa naye. Kwa tamthilia zake hakufanya hivyo hata mara moja.

Sababu iko kwenye mkataba wa kazi. Mwaka 1594 alijiunga na kikundi kilichokuwa chini ya ulinzi wa ofisa mkuu wa kasri la malkia, akiwa mwanahisa. Waandishi wengi wa enzi hiyo walikuwa vibarua: unaandika tamthilia, unalipwa takriban pauni sita, unaondoka, na tamthilia inabaki mali ya kikundi. Mara nyingi waligawana, mmoja ameshika kitendo cha kwanza, mwingine cha pili. Shakespeare aliandika kama wao na kuigiza kama waigizaji, lakini pia alipata gawio la mapato. Kuanzia 1599 akawa na hisa hata katika jengo.

Namna jengo hilo lilivyopatikana ni mchezo wa kuigiza peke yake. Familia ya Burbage ilikuwa na ukumbi kaskazini mwa jiji, ulioitwa tu The Theatre, uliojengwa 1576 juu ya ardhi ya kukodi. Muda wa kukodi ukaisha, mwenye ardhi akakataa masharti, akawa anajiandaa kulibomoa jengo na kutumia mbao kwa mambo yake. Tarehe 28 Desemba 1598, wenyewe wakitegemea kifungu cha mkataba kinachowaruhusu kuondoa jengo lao, kikundi kikafika na fundi seremala aitwaye Peter Street na vibarua wake. Walifungua nguzo moja baada ya nyingine. Mbao hizo zikaja kuvushwa hadi ng’ambo ya kusini ya mto Thames, na kwa mbao hizo ukajengwa ukumbi wa Globe. Mwenye ardhi alikwenda mahakamani kulalamika. Wakati kesi zinaendelea, Globe inauza viingilio. Ndugu wawili wa Burbage walichukua nusu ya hisa za jengo, waigizaji watano wakagawana nusu iliyobaki, na sehemu moja ya kumi ya Shakespeare ikatokana na mgawo huo.

Kwa hiyo aliyetajirika ni mwanahisa zaidi ya mshairi. Mwaka 1597 alinunua New Place, moja ya nyumba kubwa kabisa za Stratford. 1602 akanunua ekari 107 za mashamba kwa pauni 320. 1605 akatoa pauni 440 kununua haki ya kukusanya zaka za mazao. Mapema 1598, nafaka ikiwa adimu na watu wakinung’unika juu ya walanguzi, jina lake liliorodheshwa miongoni mwa wakazi waliokuwa na akiba ya kimea nyumbani. Wapenzi wake wengi hawaufurahii ukurasa huo. Mimi unanisaidia kumwona.

Katikati ya ununuzi huo kuna kaburi. Hamnet, mtoto wake pekee wa kiume, alizikwa Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Miaka michache baadaye baba aliandika tamthilia inayoitwa “Hamlet”, jina ambalo Stratford lilikuwa likibadilishana na Hamnet. Hadithi yenyewe ya mwana wa mfalme wa Denmark ni ya zamani, na ilishaigizwa London kabla yake, hivyo sithubutu kusema moja ilizaa nyingine. Lakini ni vigumu kuamini kwamba aliandika jina hilo mara zote hizo bila kumkumbuka mtoto.

Karatasi za kukunja

Tuingie sasa jikoni. Mtunzi anaandika rasimu, ina mafuto na nyongeza pembeni. Inanakiliwa safi. Nakala hiyo inapelekwa kwa ofisa wa kifalme wa kukagua burudani, naye anaisoma, anafuta yanayogusa siasa au dini vibaya, anaweka saini. Nakala yenye saini ndiyo “kitabu”, na inafichwa, kwa sababu ikiangukia mikononi mwa kikundi kingine imekwenda.

Mwigizaji hapewi tamthilia nzima. Kunakili kwa mkono ni gharama, na karatasi si bure. Anapewa maneno yake tu, kwenye vipande vya karatasi vilivyogundishwa kuwa utepe mrefu wa kukunja, na kabla ya kila zamu yake yameandikwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule atakayemtangulia. Ukisikia hayo, zamu yako imefika. Hujui ni nani atakayeyasema wala ataanza lini, kwa hiyo huna budi kutega sikio muda wote. Mazoezi ya pamoja yalikuwa machache mno, na kikundi kingeweza kuigiza tamthilia tofauti kila siku ya wiki. Utaelewa kwa nini maandishi yake yanamwongoza mwigizaji kwa ndani: mtu akisema “mbona unatetemeka”, mwenzake anajua kwamba anatakiwa kutetemeka.

Mstari wenyewe ulisaidia kumbukumbu. Sisi tumezoea shairi la mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi kumi, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito, mara tano, na mara nyingi hauna kina kabisa. Kiingereza kinahesabu uzito wa silabi, nasi tunahesabu idadi yake. Ukishazoea mapigo hayo matano unayasikia yakivunjika, na yakivunjika kuna kitu kimemshtua msemaji. Vina alivitunza kwa kazi maalumu, kama vile kufunga onyesho. Kwenye ukumbi usio na pazia la mbele, kina kiliwaambia watu kwamba hawa wanaondoka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wazi juu, na maonyesho yalianza mchana, kama saa nane. Peni moja unasimama uwanjani, jua au mvua. Ukiongeza unapanda ghorofani ukae. Hakuna taa za jukwaa. Sasa fikiria onyesho la usiku wa manane katika “Macbeth”. Mfalme amelala, mauaji yanakaribia, na jua la saa tisa linawapiga watu utosini. Banquo anaingia na mwanawe, anatazama juu, anasema, kwa tafsiri yangu: “Mbinguni wanabana matumizi leo, mishumaa yao yote imezimwa.” Sentensi moja ya utani wa mtu mwenye usingizi, na watu takriban elfu mbili au tatu wakaingia gizani. Uhaba wa vifaa ulimfanya aweke vifaa ndani ya maneno, ndiyo maana tamthilia zake zinabebeka: unaweza kuziigiza uani, na usiku utaingia.

Aliwaandikia watu anaowajua kwa sura na kwa sauti. Wanawake wote waliigizwa na wavulana, na si bure kwamba wasichana wake wengi hujivika mavazi ya kiume. Mchekeshaji wa kikundi alikuwa Will Kemp, mtu wa vishindo na kucheza ngoma. Katika chapa ya kwanza ya “Much Ado About Nothing”, ya 1600, kuna onyesho ambalo mbele ya maneno ya askari wa doria Dogberry pameandikwa “Kemp”, na mbele ya mwenzake pameandikwa “Cowley”, jina la mwigizaji mwingine. Mtunzi alikuwa anaandika haraka, na mbele ya macho yake anamwona mtu mwenyewe. Kemp alipoondoka karibu 1599 akaja Robert Armin, mwimbaji mwenye utani wa chinichini. Vichekesho vikabadilika papo hapo: yule mpumbavu mwenye hekima wa “King Lear”, anayemwambia mfalme ukweli kwa nyimbo, ni mavazi yaliyoshonwa kwa kipimo cha Armin.

Wala hakubuni hadithi nyingi. Historia ya wafalme aliitoa kwa mwanahistoria Holinshed, Warumi kwa Mgiriki wa kale Plutarch katika tafsiri ya Thomas North, “Othello” kwenye hadithi ya Mwitaliano Cinthio. Kuna kazi alizoandika kwa ubia: na George Peele mwanzoni, na John Fletcher mwishoni. Tarehe 29 Juni 1613, katika onyesho la “Henry VIII”, kazi ya ubia na Fletcher, mzinga wa kushangilia ulirusha cheche kwenye paa la makuti ya nyasi, na Globe ikateketea. Barua ya wakati huo inasema hakuna aliyekufa, ila suruali ya mtu mmoja ilishika moto, ikazimwa kwa chupa ya bia.

Hamlet wangapi?

Sheria ya enzi hiyo haikumpa mtunzi haki yoyote juu ya maneno yake. Haki ilikuwa ya mchapaji aliyesajili kazi. Karibu nusu ya tamthilia zake zilitoka akiwa hai, katika vijitabu vidogo vya bei nafuu, na miaka ya kwanza hata jina lake halikuwekwa juu.

Vijitabu hivyo ndivyo vinavyowatoa wahariri jasho. “Hamlet” ina matini tatu. Ya 1603 ni fupi na inakimbia. Watafiti wengi huiona kama iliyokusanywa kwa kumbukumbu ya mwigizaji aliyeshiriki. Hapo maneno mashuhuri kuliko yote yanasomeka hivi: “Kuwa au kutokuwa, naam, hapo ndipo penyewe. Kufa, kulala, ndiyo basi? Naam, ndiyo basi.” Toleo lililofuata, la 1604 na 1605, ni karibu mara mbili kwa urefu, nalo ndilo lenye “hilo ndilo swali”. La 1623 limeondoa baadhi ya mistari ya toleo hilo la pili na kuleta mingine. “King Lear” nayo iko miwili: ya 1608 ina takriban mistari 300 isiyomo katika ya 1623, na ya 1623 ina kama mia moja isiyomo katika ya kwanza. Zamani wahariri walichanganya zote mbili wakapika Lear mmoja, ambaye huenda hakuna mtazamaji wa London aliyewahi kumwona. Siku hizi wapo wanaozichapa kando kando, na nadhani hao ndio wanaoheshimu ukweli: mchezo ulioko jukwaani hurekebishwa kila unaporudi.

Hapo ndipo pete zinapozaa matunda. Kitabu cha Heminges na Condell kilikuwa kikubwa, ghali, na cha kubahatisha. Huenda zilichapwa nakala 750, na zilizobaki leo duniani ni kama 235. Katika tamthilia 36, 18 hazikuwahi kuchapwa kabla ya hapo, zikiwemo “Macbeth”, “Julius Caesar”, “The Tempest”, “Twelfth Night”, “Antony and Cleopatra”. Dibaji yao ina sauti ya wafanyabiashara: someni, kosoeni mtakavyo, lakini kwanza nunueni. Wanasema pia kwamba karatasi alizowapa hazikuwa na mafuto. Ben Jonson, rafiki na mpinzani wake, alijibu baadaye kwamba laiti angefuta mistari elfu.

Wanaosema hakuwa yeye

Kwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya kifo chake hapakuwa na mjadala wa maana kuhusu nani aliandika. Ulishika moto katikati ya karne ya 19. Delia Bacon, Mmarekani, alitoa kitabu 1857 akidai nyuma ya tamthilia walikuwepo wakubwa kina Francis Bacon, mwanafalsafa na mwanasiasa wa enzi hiyo. Mwaka 1920 mwalimu Mwingereza, Thomas Looney, akamleta Edward de Vere, bwana mkubwa wa Oxford, na huyo bado ana wafuasi.

Hoja zao zinajulikana. Hakusoma chuo kikuu. Saini zake sita zilizobaki zina tahajia tofauti. Wosia hautaji vitabu. Mtoto wa fundi glavu angeyajuaje mambo ya kasri?

Tahajia ya majina ilikuwa haijatulia, na kila mtu aliandika alivyosikia. Vyombo vya nyumbani, vitabu vikiwemo, viliorodheshwa kwenye karatasi nyingine, ambayo kwa wengi wa enzi hiyo imepotea. Jonson naye hakusoma chuo kikuu, baba yake wa kambo alikuwa mwashi, na hakuna anayemnyang’anya kazi zake. Kasri Shakespeare alilijua kama mwigizaji anavyolijua, maana kikundi chake kiliigiza humo mara kwa mara, na kuanzia 1603 kilikuwa cha Mfalme James mwenyewe. Kwa kweli makosa yake ni ya mtu asiyesafiri sana: Bohemia, nchi isiyo na bahari, ameipa pwani, na Roma ya Kaizari ameipa saa ya kugonga.

De Vere alikufa 1604. Baada ya hapo zilikuja “King Lear”, “Macbeth”, na “The Tempest” inayotumia habari za meli iliyokwama Bermuda 1609. Marehemu angeandikaje kwa ubia na Fletcher mwaka 1613?

Juu ya yote kuna zile pete. Tajiri wa Stratford anawaita waigizaji wa London “wenzangu”. Waigizaji haohao wanatoa kitabu wakimwita rafiki yao. Ndani ya kitabu Jonson anamwita “bata maji wa Avon”, na mshairi mwingine, Leonard Digges, anataja sanamu yake ya kaburini huko Stratford. Mnyororo hauna pingili iliyokatika. Kinachobaki, nionavyo, ni kinyaa cha kitabaka: mtu hawezi kukubali kwamba akili ile ilitoka duka la glavu.

Aliyetafsiriwa mara mbili

Umaarufu wake haukupanda moja kwa moja. Bunge lilifunga kumbi zote 1642. Zilipofunguliwa tena 1660 alionekana wa kizamani, anayehitaji ukarabati. Nahum Tate aliandika upya “King Lear” mwaka 1681, Cordelia, binti wa Lear, akapona na kuolewa, na Lear huyo mwenye mwisho mwema ndiye aliyetawala majukwaa ya Uingereza mpaka 1838. Nabii wa taifa alitengenezwa karne ya 18, na karne ya 19 akapandishwa meli pamoja na bendera. Katika makoloni alikuwa mtihani: mtoto wa shule ya Tabora au ya mji wa Kikuyu, Kenya, alikariri hotuba za Warumi ili apate cheti.

Lakini maneno yakishakaririwa hayamtii tena aliyeyaleta. Kwenye gereza la Kisiwa cha Robben, mfungwa mmoja alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare, akakizungusha kwa wenzake kila mmoja aweke saini pembeni ya mistari aipendayo. Nelson Mandela alisaini tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ya Kaizari kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao.

Kwa Kiswahili, hadithi zilizofupishwa kutoka tamthilia zake zilichapwa Unguja tangu 1867 na misheni ya kina Edward Steere. Lakini tamthilia kamili aliyetupa kwanza ni Mwalimu Nyerere, 1963, akiwa rais wa nchi changa: “Julius Caesar”, kisa cha viongozi wanaouana kwa jina la uhuru. Miaka sita baadaye aliirudia tafsiri yake mwenyewe, akaisahihisha, ikatoka kwa jina la “Juliasi Kaizari”. Nasi basi tuna matini mbili, kama wenye Hamlet. Samuel Mushi akatupa “Makbeth” na “Tufani”. Mwaka 2012, Globe iliyojengwa upya London ilipoalika tamthilia zote kwa lugha mbalimbali, “The Merry Wives of Windsor” ilichezwa pale kwa Kiswahili na waigizaji wa Afrika Mashariki, mbele ya wasimama uwanjani.

Tafsiri ya Nyerere ninayoirudia zaidi ni “Mabepari wa Venisi”, ya 1969. Neno bepari lilitujia na biashara ya Wagujarati, na maana yake ya kale ni mfanyabiashara tu, kwa hiyo ukitaka unaweza kusema kichwa kimetafsiriwa vilivyo. Lakini ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na redio ilikuwa ikilisema neno hilo kila siku kwa maana nyingine. Tena kwa Kiingereza mfanyabiashara wa kichwa cha tamthilia ni mmoja, Antonio, aliyeweka rehani ratili ya nyama yake kwa mkopeshaji Myahudi, Shylock. Mwalimu ameweka wingi.

Katika onyesho la mahakamani, Portia anaingia akiwa amejivika uwakili, anawatazama wawili hao waliosimama mbele yake, anauliza: “Yupi hapa ni mfanyabiashara, na yupi Myahudi?” Waigizaji na wahakiki wamelizungusha swali hilo kwa miaka mia nne, maana inashangaza kwamba hawezi kuwatofautisha. Kwenye jalada la Kiswahili jibu lipo hata kabla hujafungua kitabu.